Mtu Aliyeshuka Stoo

Filamu ile ilikuwa mbaya. Nasema hivyo mwanzoni ili mtu asisome mpaka mwisho akidhani nitalegeza kamba. Nimeona filamu mbaya nyingi, na nyingine nimezipenda kwa ubaya wake, lakini hii hata ubaya wake ulikuwa wa kivivu. Walioitengeneza waliiita ya kutisha, ya mapepo na siri. Mimi kilichonitisha ni kuwaza kwamba watu wazima wenye akili zao walikaa wakaiandika, wakaja kuipiga katika majengo yetu ya Norsborg, huku kwa Waswidi, kisha wakarudi bila haya kutuonyesha, Jumamosi mchana, katika ukumbi mmoja wa Hallunda, kwa kahawa ya bure na mikate ya mdalasini.

Nilikwenda kwa sababu mdogo wangu wa kiume aliigiza ndani yake, na mama yetu alikuwa hasemi naye.

Mdogo wangu alikuwa amebakiza muhula mmoja awe muuguzi. Mama alikwisha kumtangaza kanisani, na kina mama wenzake walikwisha kuanza kumweleza mtoto wa watu shida za presha na miguu. Mama alitoka Uvira na watoto wawili mkononi, akakaa kambi ya wakimbizi kule Kigoma, akafika huku akasafisha ofisi za watu mpaka magoti yakagoma. Kwake muuguzi ndani ya nyumba halikuwa jambo dogo. Siku moja tukiwa mezani, mwanawe akasema ameacha chuo, anataka kuigiza. Mama hakupandisha sauti. Alimaliza kula, akanawa mikono, akamwambia kwamba akichoka kuchezea maisha atajua mwenyewe la kufanya, ila kabla ya hapo asigonge tena mlango wake. Mdogo wangu kichwa chake kigumu alikirithi kwa mama huyohuyo, basi hakugonga. Ukapita mwaka, ukaanza mwingine. Mimi nikawa mtu wa kubeba salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Ndipo akanipigia simu kuhusu filamu. "Yaya," aliniambia, na kwetu dada mkubwa ndiye yaya, wasomaji wa pwani wasinicheke, "umulete tu mama. Akae, asikie." Nilidhani amekosea, maana filamu watu huenda kuiona. Sikumsahihisha.

Mama alikubali shingo upande. Alisema atakuja kwa ajili ya kahawa, na kwa sababu kina mama wote wa kanisani watakuwepo na hataki waseme amejificha. Ila mwanawe akitokea kwenye ukuta wa kuonyeshea picha, yeye hatamtazama. Namjua mama yangu. Akisema hatazami, hatazami.

Niliyekuwa na kazi siku hiyo ni mimi, maana Kiswidi cha mama kinamfikisha dukani na kwa daktari wa magoti, hakimfikishi kwenye filamu ambamo watu wote wananong'ona. Nami ukalimani ndio unaonilisha. Hospitalini, mahakamani, mikutanoni shuleni, nakaa katikati ya watu wawili na kusema kilichosemwa, chote, bila kuongeza wala kupunguza. Mtu akisema anaumwa, nasema "ninaumwa." Mtu akitukana, natukana. Miaka yote hiyo sijawahi kutia neno langu, na najivunia hilo kuliko ninavyopaswa.

Lakini mama hakuzoea wakalimani wa namna yangu. Kule kambini kulikuwa na kibanda cha video chenye kuta za turubai, na ndani yake mtu mmoja mwenye sauti ya kukwaruza aliyesimama kando ya televisheni akitafsiri. Hakujua Kiingereza, hakujua Kihindi, na Kichina hakukijua hata kwa harufu. Hayo hayakumzuia. Alitia chumvi, alitia na pilipili, na alikuwa na sheria moja tu: mtazamaji asitoke na swali. Mtu akipotea katikati ya filamu kwa sababu mwenye filamu kamsahau, yeye alitangaza papo hapo kwamba huyu amekwenda Kasulu kununua sabuni, mkewe kamtuma, watu wakaridhika. Mama aliuza karanga mlangoni pa kibanda hicho, mgongo wake kwenye turubai, na hakuingia hata siku moja. Filamu zote anazozijua amezijua kwa masikio. Mpaka leo anasimulia ya mzee mmoja wa karate aliyekufa kwa sumu ya mashemeji, na mimi niliyekuwa ndani niliona kwa macho yangu kwamba alianguka kwenye ngazi.

Tulikaa safu ya katikati. Ukumbi ulijaa watu wetu, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Waswidi wachache wa majengo yetu waliokuja kutafuta madirisha yao kwenye picha. Taa zikazimwa.

Filamu inaanza na mpelelezi wa kike aliyehamia Norsborg baada ya kuachana na mumewe. Huyo ndiye mhusika mkuu, na nikimwita mhusika nampa heshima isiyo yake. Alichokuwa nacho ni kukosa usingizi, na koti. Theluji imefika magotini, koti halifungwi hata kifungo kimoja, na yeye anatembea kifua wazi akiwaza. Ana binti. Tunajua kwa sababu alimpigia simu akamwambia atakwenda kumwona kesho. Kesho hiyo haikufika na binti hakutajwa tena. Jioni anasimama dirishani na glasi ya divai. Nilimtafsiria mama yote hayo sikioni, naye akauliza mwanamke huyu anakula saa ngapi. Katika filamu nzima hakuna mtu aliyekula kitu.

Halafu mabomba yakaanza kugonga ukutani. Akatokea mtoto mwenye koti la mvua la njano, anachuruzika maji, kasimama mwisho wa korido. Kila akitokea muziki unapanda, mpelelezi anashika mdomo, mtoto anatoweka. Ni nani huyo mtoto, alikufaje, anataka nini, hakuna aliyeuliza, hata mpelelezi ambaye kuuliza ndiyo kazi inayomlipa. Jirani, bibi kizee mwenye mbwa, alijua kila kitu. Lakini kila akifungua mdomo alisema kuna mambo ni heri yasisemwe, kisha akafunga mlango. Akafa huko nyuma ya pazia bila sisi kuona, na mbwa wake hatujui aliachiwa nani. Kulikuwa na ufunguo mwekundu ulioonyeshwa kwa karibu mpaka ukajaa ukuta mzima. Ukatiwa mfukoni, ukabaki humo. Padri alikuja, akatazama dari, akaenda zake. Huyo kauza sura tu.

Kilichonichoma zaidi ni chumba cha kufulia. Pepo lao, kama mlivyokisia, linaishi kwenye chumba cha kufulia cha chini ya jengo, penye mwanga wa buluu na mashine moja inayojizungusha yenyewe, na hakuna binadamu hata mmoja. Nikajua hapohapo kwamba watu hawa hawajawahi kufua Norsborg. Chumba chetu cha kufulia hakijawahi kuwa kitupu tangu nihamie. Mlangoni kuna ubao wa zamu, kila mtu na kufuli yake ndogo ya kushikia saa yake, na ukichelewa kutoa mashuka yako hata kidogo unayakuta sakafuni. Pepo linaloendesha mashine katika zamu ya mwingine lingeandikiwa karatasi kali siku ya kwanza, na ya pili lingeitwa ofisi ya nyumba. Wala lisingesalimika kwa mama mmoja wa Bujumbura wa ngazi ya tatu, ambaye husafisha chujio la mashine ya kukaushia kwa kidole kisha akamtafuta aliyeliacha chafu mlango kwa mlango.

Ukumbi wote ulikuwa umeanza kuguna. Pale mpelelezi alipokimbia kumfukuza mtoto wa njano, akaingia treni ya metro kituo cha Norsborg, mlango ukafunguka akashuka Hässelby, watu wakacheka waziwazi. Hässelby ni njia ya kijani, sisi ni nyekundu. Na ni upande mwingine wa jiji kabisa. Mama akataka kujua wanacheka nini. Nikamweleza, naye akasema pengine alibadilisha treni sisi hatukuona. Alikuwa anajaribu kuwa mwema kwa filamu ile. Sikuelewa kwa nini, mpaka nilipoona ameshika ukingo wa kiti na hakugusa mkate wake. Alikuwa anamsubiri.

Mdogo wangu alitokea filamu ilipokuwa imechoka. Alikuwa mtunza jengo, tena mtunza jengo Mwafrika wa kwenye filamu. Walimvisha ovaroli ya buluu, na shingoni wakamtundika kitu cha mifupa ambacho kingemnasa mtunza jengo yeyote kwenye lifti siku ya kwanza kazini. Anajua siri za wafu, inaonekana, kwa vile ni mweusi, maana sababu nyingine hatukupewa. Nyuma yetu kina mama wa kanisani wakanong'ona kwamba ndiye huyo, ndiye huyo. Mama akainamisha kichwa akaingiza mkono kwenye mkoba, akatafuta kitambaa ambacho kilikuwa tayari katika mkono mwingine.

Yule mtunza jengo alitembea mpaka kwenye mlango wa chuma wa stoo za chini. Taa inapepesa. Akaweka kiganja kwenye mlango, akainamisha paji la uso, na kwa sauti ya chini, sauti yake ya nyumbani kabisa, akasema:

"Mama, niko nagonga. Unifungulie."

Chini ya picha maandishi ya Kiswidi yalisema: Damu ya wazee imeamka.

Safu za nyuma walicheka, wale wasiojua habari zetu. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu kina mama wanaojua habari zetu walinyamaza wote kwa pamoja. Mkono wa mama ulisimama ndani ya mkoba. Mimi nilikuwa nimeshaelekeza mdomo sikioni kwake kwa mazoea, na sikuwa na la kutafsiri. Mama aliinua kichwa, lakini alichelewa. Mlango wa chuma ulijifungua wenyewe, mwanawe akaingia gizani bila hata tochi, mlango ukajifunga. Alichowahi kuona ni mgongo.

Filamu ikarudi kwenye divai.

Nilingoja atoke. Sikuwa na hamu tena ya kumdhihaki mtu, nilitaka tu wafungue ule mlango. Mpelelezi alipita mbele yake bila kuugeukia. Ufunguo mwekundu ulikuwa mfukoni mwake na hakuutoa. Mwisho alisimama kando ya ziwa, mtoto wa njano akamshika mkono, ukuta ukawa mweusi, majina yakaanza kupanda. Mtu kashuka stoo, na hakuna mmoja katika filamu ile aliyeuliza yuko wapi, hata wapangaji ambao sasa hawana wa kuwabadilishia balbu.

Taa ziliwashwa. Mama hakusimama.

"Ako wapi?" akauliza.

Nilimwambia hawakusema. Akasema hilo haliwezekani, mtu ameingia mbele ya macho ya watu wote. Nikamwambia ndivyo filamu ilivyo. Akanitazama kama mteja niliyemrukia sentensi.

Mwongozaji akapanda mbele kujibu maswali. Alikuwa kijana wa mjini mwenye kikofia cha sufu ndani ya ukumbi wenye joto, akatushukuru kwa mazingira yetu yenye nguvu. Mtu akamuuliza mtunza jengo alikuwa anazungumza lugha gani. Akajibu kwamba ni maneno ya kale ya kuita mizimu, mwigizaji aliyapata kwa bibi yake, na siku walipoyarekodi yeye mwenyewe alisisimka mwili. Ukumbi ukavunjika mbavu. Akatabasamu, akidhani tumemwelewa. Niligeuka, nikamwona mdogo wangu kasimama nyuma kabisa, penye makoti, anatazama viatu vyake.

Mama alisimama. Kwa magoti yale, ilikuwa shughuli, na mpaka alipomaliza kusimama ukumbi ulikuwa umetulia. Akaniambia nitafsiri. "Umuulize: mutoto wangu ameenda wapi?"

Nilifanya kazi yangu. Nilisema kwa Kiswidi, kwa "mimi" kama inavyotakiwa, kwamba nauliza mtoto wangu amekwenda wapi.

Mwongozaji akafumba macho kidogo. Akasema hilo ni swali zuri sana. Akasema hawakutaka kumlisha mtazamaji kila kitu, maisha hayatoi majibu, na wao walipenda kuacha nafasi. Mtunza jengo amekwenda popote ambapo kila mmoja wetu anahisi amekwenda. Kwa maneno mengine walimsahau. Walikuwa na mtu, wakamshusha chini, wakaenda kula chakula cha mchana, na waliporudi wakaendelea na koti.

Mama alikuwa ananingoja. Kina mama wote walikuwa wananingoja. Nilikuwa na sentensi zake zote kichwani, kwa mpangilio wake, tayari kuzisema bila kuongeza wala kupunguza. Nikamfikiria yule mtu wa kibandani mwenye sauti ya kukwaruza, nikafungua mdomo.

"Anasema ameenda kwa mama yake," nilimwambia mama. "Anasema ako kwenye mulango, anagonga."

Mama alikunja kitambaa, akakitia kwenye mkoba, akaufunga. Alijua. Nusu ya sentensi zile za Kiswidi alizielewa vizuri tu, na hakuna alichosikia kuhusu mama wala mlango. Amesikiliza watafsiri waongo kupitia turubai tangu nikiwa mdogo, na anajua sauti ya mtu anayetia chumvi.

"Umuambie," akasema, na hakuwa anamtazama mwongozaji, alikuwa amegeukia makoti, "ule mulango haukufungwa na funguo. Ulisukumwa tu."

Nikatafsiri kwa Kiswidi neno kwa neno. Mwongozaji akaweka mkono kifuani. Akasema hiyo ni tafsiri nzuri kuliko zote alizowahi kusikia kuhusu filamu yake, kwamba mlango kati ya walio hai na wafu kumbe ulikuwa wazi muda wote, na akaomba ruhusa ya kuitumia. Nikampa ruhusa.

Tulipofika penye makoti mama hakumkumbatia mwanawe, msitegemee hayo. Alimkabidhi mkoba wake abebe, na mkate wa mdalasini ambao hakuula, akatangulia nje. Kutoka Hallunda mpaka Norsborg ni kituo kimoja, na katika kituo hicho kimoja alimweleza kwa urefu jinsi filamu yake ilivyokuwa ya bure, kwamba yule mwanamke ni mvivu, yule mtoto hana wazazi, na yeye mwenyewe kazi gani hiyo ya kuingia chini bila tochi. Mdogo wangu alisema ndivyo walivyoandika. Mama akasema wangemuuliza yeye. Kuhusu chuo cha uuguzi hakusema kitu siku ile. Alisubiri mpaka alipomaliza kumlisha wiki iliyofuata, na wanabishana juu yake mpaka leo.

Filamu haikufika mbali, kama ilivyostahili. Ninayemsikia akiitaja ni mama peke yake. Kanisani wakimuuliza kuhusu mwanawe mwigizaji, wale ambao hawakuwepo Hallunda, anawasimulia. Katika filamu ya mama, bibi kizee aliwekewa sumu na mashemeji, ufunguo mwekundu ni wa sanduku la mahari, na mtoto wa njano alikuwa anatafuta shangazi yake Hässelby. Mtunza jengo akashuka stoo, akakuta mapepo yanafua katika zamu ya watu, akayafukuza, akapanda ngazi, akagonga. Mama yake akafungua. Hapo mama humalizia kwamba alikuwa na njaa sana, akala sombe, kisamvu cha kwetu, sahani mbili. Mimi hukaa pembeni nikisikiliza, na sijawahi kumsahihisha.